Hakufa, Amenuna

"Huyu hajafa," wifi yangu Fuatino aliwaambia madaktari. "Huyu amenuna."

Wao walikaa upande wao wa meza, sisi upande wetu, na katikati kulikuwa na boksi la karatasi laini za kufutia machozi ambalo hakuna aliyeligusa. Daktari mkuu wa wodi, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe, alimtazama Fuatino kwa ile huruma wanayowapa watu wasiotaka kusikia. Mimi nilijizuia nisicheke. Kaka yangu namjua tangu ananyonya, na kama kuna mtu hapa Logan, kuanzia Woodridge mpaka Beenleigh, anayeweza kununa huku mshipa umempasuka kichwani, ni yeye.

Jina lake la ubatizo ni Setefano. Kule kiwanda cha nyama, alikofanya kazi ya kutenganisha nyama na mifupa tangu tulipohamia Australia, walimwita Stivu, naye aliitika kwa sababu kazini mtu huitika. Nyumbani na kanisani ni Leotele. Ndilo jina la cheo cha ukoo wetu, alilopewa kijijini kwetu, kisiwa cha Savai'i kule Samoa, baba yetu alipofariki, na maana yake ni sauti kubwa. Mungu naye ana utani wake, maana sijapata kuona mwanamume mkimya kama huyu. Ukimuuliza kama ameshiba, anapandisha nyusi, yaani ndiyo. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anapandisha nyusi. Hapana yake ni kukaa tu bila kufanya lolote, mpaka uchoke mwenyewe uondoke.

Sauti yake ilikuwa mikononi. Jumapili akisimama mbele ya kwaya, ile mikono iliyoshinda wiki nzima na kisu ilikuwa mikono ya mtu mwingine. Alikunja magoti akachota besi sakafuni, akainuka nayo, akawatupia soprano kule juu, na jasho likamtiririka juu ya upara. Watu walitoka makanisa mengine kuja kumtazama. Kasoro yake ilikuwa moja, hakuanza mpaka kanisa zima linyamaze. Mtoto mmoja akikwaruza kiti mlangoni, au sisi wa alto tukiwa tunamalizia habari ya nani kamwacha nani, yeye alisimama mikono chini akangoja. Mchungaji alikohoa, akatazama saa, akakohoa tena. Kaka alingoja.

Na alijua kununa. Mwaka mmoja mchungaji alibadilisha wimbo bila kumwambia. Kaka hakugomba na mtu. Alikuja ibadani kama kawaida, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akakunja mikono, na kwaya ikaimba kama mbuzi waliopotea njia, mpaka mchungaji mwenyewe alipokwenda nyumbani kwake na katoni ya samaki wa kopo. Walikunywa kakao pamoja na yakaisha.

Sasa nieleze siku aliyoanguka, kwa sababu yote yanatoka hapo. Ilikuwa chakula cha Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwao, na wageni wa kanisa walikuwa wametoka Sydney. Fuatino alikuwa jikoni tangu alfajiri, miguu imevimba, taro, magimbi yetu, zinaungulia. Akaita mara ya kwanza mumewe alete barafu. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mara ya tatu akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akasema kwa sauti mbele ya wageni wote, "Stivu! Husikii?"

Meza nzima iliinamisha macho kwenye sahani. Kumwita mwenye cheo kwa jina la kiwandani, mezani pake mwenyewe, mbele ya wageni, ni kumvua nguo. Kaka aliweka kijiko chini, akainuka, akatoka nje kwenye banda la gari. Baadaye kidogo Fuatino alimfuata na kikombe cha kakao kumwomba radhi. Alimkuta ameegemea gari, macho wazi, hamtazami. Akasema naye. Akambembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena, na kakao ikapoa mkononi. Alichelewa sana kujua kwamba anaongea na mtu mwenye kiharusi. Alidhani amenuna.

Kwa hiyo aliposema lile neno mbele ya madaktari, wao walisikia mwanamke asiyekubali ukweli. Mimi nilisikia jambo jingine. Fuatino alikuwa amelishikilia neno hilo kwa mikono miwili, maana kama mumewe amenuna, yuko hai. Lakini kama amenuna, amemnunia yeye.

Wiki zilikuwa zimepita. Kaka alilala macho wazi, hayafuati kitu. Ukimshika mkono hashiki. Madaktari walikuwa wametuandaa kwa upole kwa ajili ya siku ya Ijumaa. Ijumaa hiyo wangeamua kama ataendelea na mazoezi na matibabu yote hospitalini, au atapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, ageuzwe na kulishwa tu, na homa ya mapafu ikirudi, isipiganwe. Walisema "tutamwacha apumzike." Nilitamani kumrushia mtu lile boksi la karatasi.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha Daktari Keryn Hallam. Huyu hakuwa daktari wa wodi. Alikuwa mtafiti wa ubongo, mwanamke mrefu aliyekuja kazini kwa baiskeli na aliyekula kucha zake mpaka zikaisha. Alikuwa ametueleza kazi yake vizuri. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu huikimbilia, kama wageni wanavyoukimbilia mlango wa jikoni wakisikia sahani. Ile mashine kubwa yenye tundu hupiga picha za damu hiyo. Lakini picha ni nyingi na tofauti zake ni ndogo mno kwa jicho la mtu, hivyo wameifundisha akili mnemba kuzisoma. Imeonyeshwa mamia ya watu wazima wenye afya wakiwaza kwamba wanacheza tenisi, kisha wakiwaza kwamba wanatembea chumba hadi chumba nyumbani kwao. Tenisi huwasha sehemu ya juu ya ubongo, panapoamrishwa mikono. Vyumba huwasha ndani zaidi, upande wa nyuma, panapowekwa njia. Mgonjwa asiyeweza kuinua hata kidole, akiwaza hivyo anapoambiwa, mashine inajua kwamba yumo.

Walikuwa wamemwingiza kaka. Programu ikasoma picha zake zote na kusema hakuna kitu.

Ndipo Fuatino akasema amenuna, na yule mzee wa ndevu akavuta pumzi atujibu. Daktari Hallam akamtangulia. Hakuonyesha huruma wala hakutabasamu.

"Amenunia nini?" akauliza.

Fuatino aliinamisha kichwa. Ikabidi mimi niingilie, nikamwuliza daktari huko ndani aliambiwa maneno gani hasa. Akafungua kompyuta yake akatuchezea. Ikatoka sauti ya mwanamume mchangamfu, kama anauza magodoro: Habari, Stivu. Waza kwamba unacheza tenisi.

Nilicheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Fuatino hakucheka. Alifumba macho aliposikia lile jina.

Niliwaeleza, na sikuwaeleza taratibu, kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda. Kwanza, mmemwita kwa jina la kwenye aproni. Pili, kaka yangu hajawahi kushika raketi, na mtu wa cheo chake akienda kwenye michezo hukaa kivulini akapepewa. Tatu, mmemwambia atembee chumba hadi chumba nyumbani. Nyumba tuliyokulia ni paa na nguzo. Upepo unaingia huku unatoka kule. Atembee vyumba gani?

"Lakini hapa Logan ana nyumba yenye vyumba," alisema yule mzee.

"Anayo. Ila ukimwambia nyumbani, haendi hapo."

Kwetu husemwa, na kwenu pia nadhani, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kaka yangu ana upara, lakini zake alikuwa nazo. Daktari Hallam alikuwa ameshaacha kutafuna kucha. Akauliza mikono ya huyu mtu inajua nini kuliko vyote, na mimi na Fuatino tukajibu kwa pamoja, kwaya.

Hapo alituonyesha ugumu. Programu inajua kile tu ilichofundishwa, na haijawahi kuona ubongo unaoongoza kwaya. Labda utafanana na tenisi, labda hautafanana, na yeye hataki kuliweka jambo kubwa hivi juu ya labda. Angehitaji watu wazima wanaozijua nyimbo hizo mpaka kwenye mifupa, wakubali kuingia kwenye mashine mmoja mmoja, na wapatikane kabla ya Ijumaa. Alisema kama mtu anayeomba theluji Savai'i. Fuatino akatoa simu kwenye pochi.

Asubuhi iliyofuata korido ya wodi ilijaa. Walikuja na makoti yao ya kwaya, na kwa kuwa hakuna Msamoa anayekwenda mahali mikono mitupu, walikuja na masinia ya tambi za kukaanga, taro na nyama ya kopo. Wauguzi waliokuja kutufukuza waliondoka na sahani. Kila mmoja alitia sahihi yake, akavua saa na hereni, akaingia. Akaambiwa awaze anaongoza wimbo, kisha awaze anatembea njia ya kijijini kutoka kanisani mpaka baharini, na asitikisike hata kidogo.

Kuwaambia watu wetu waimbe bila kutikisika ni kuwaambia samaki waogelee bila maji. Tanielu wa besi hata hakufika huko, tundu lilimkataa mabegani. Walimgeuza kulia, wakamgeuza kushoto, akatoka ameaibika, akajifariji kwenye sinia. Eseta wa soprano aliingia vizuri, lakini alipoambiwa awaze wimbo, akauimba, ubeti wa kwanza mpaka kiitikio, na picha zake zikatoka zimetikisika zote. Daktari Hallam alimwomba kwa kipaza sauti aimbe kichwani tu.

"Si ndiko ninakoimbia, Daktari?" akajibu kutoka tunduni.

Wengine walifaulu. Mimi nilifaulu mara ya pili. Mpaka Alhamisi mchana programu ilikuwa inaweza kutazama ubongo wa mwanakwaya na kusema huyu sasa anaongoza, huyu sasa anatembea. Daktari Hallam alituambia wazi kwamba hupatia mara nyingi, si mara zote. Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Ikabaki sauti. Nani amwambie? Nilidhani ni Fuatino. Akakataa.

"Wewe, wifi. Mimi neno langu la mwisho kwake lilikuwa Stivu."

Nikajua na sababu nyingine ya kunichagua. Ukoo mzima humwinamia Leotele, lakini kwetu kaka ni mtumishi wa dada yake mpaka kaburini. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwamuru, na huyo ni mimi, nakaa karibu na kituo cha treni cha Kingston.

Alhamisi hiyohiyo wakamlaza kwenye kile kitanda, akaingizwa. Sisi tulikuwa nyuma ya kioo, mimi na Fuatino, na Daktari Hallam mbele ya skrini yenye mistari miwili, mmoja wa mikono, mmoja wa njia. Nikashika kipaza sauti, nikasema naye kwa lugha yetu, kwa maneno ya heshima kama astahilivyo. Leotele, ni mimi dada yako. Simama mbele, kwaya imesimama. Ongoza.

Mistari ilikwenda kama barabara ya tambarare. Nikamwambia pumzika. Nikamwambia ongoza. Tambarare. Daktari Hallam alikuwa amerudi kwenye kucha. Fuatino alikuwa anaomba midomo ikicheza, na nilisikia kwamba hamwombi Mungu, anamwomba mumewe.

Nikamwambia tena ongoza, na hakuna kilichosogea. Nikaanza kufikiri kwamba tumewasumbua watu bure, kwamba mzee wa ndevu alikuwa sahihi, na kwamba nitampeleka Fuatino nyumbani nikiwa sina la kumwambia. Mashine ilikuwa inagonga na kukwaruza, gongo gongo gongo, kama watoto wanaoburuta viti mlangoni mwa kanisa.

Kama watoto wanaoburuta viti mlangoni.

Nilikinyakua kile kipaza sauti, na safari hii maneno ya heshima yalinitoka kichwani. "Leotele, sikiliza! Hiyo kelele si ya watoto wala si ya alto. Ni mashine, na haitanyamaza leo wala kesho. Ukingoja ukimya utangoja mpaka Yesu arudi. Mimi dada yako nakuambia anza hivyohivyo!"

Daktari Hallam aliniuliza nimemwambia nini. Nikamwonyesha skrini kwa kidole. Damu huchelewa kidogo, alikuwa ametueleza, inachukua muda kupanda. Tukatazama. Mstari wa mikono ukayumba, ukashuka, kisha ukainua kichwa na kuanza kupanda, na ukapanda, mpaka nikaona kwa macho yangu kaka yangu amekunja magoti anachota besi sakafuni.

Nikasema pumzika. Mstari ukashuka. Nikasema ongoza. Ukapanda. Programu ikaandika chini ya skrini neno lake moja, anaongoza, na baada ya kila amri ikaandika tena vilevile, na haikukosea.

"Yumo," alisema Daktari Hallam. Alisema kwa sauti ndogo kwanza, halafu akampiga ngumi ya bega maskini fundi wa mashine aliyekaa pembeni yake. "Yumo ndani! Alikuwa hapa wakati wote!"

Nilimkumbatia Fuatino, nikamwinua na miguu yake ikaacha sakafu. Mtu alifungua mlango akawaambia waliokuwa nje, na nje wakaanza kuimba, sauti zote nne, Tanielu akiwa na mdomo uliojaa tambi. Mlinzi alikuja kututuliza, akabaki amesimama na kofia mkononi.

Lakini Daktari Hallam alikuwa hajamaliza. Alisema mtu anayeweza kufanya mambo mawili kwa hiari yake anaweza kujibu swali. Kuongoza kuwe ndiyo, kutembea baharini kuwe hapana. Nikamweleza kaka hivyo, nikamwuliza kama mkewe anaitwa Fuatino. Mstari wa mikono ukapanda bila kusita. Daktari alikuwa na maswali mengine tayari, ya kijiji na ya watoto. Fuatino akanyoosha mkono akaomba kipaza sauti.

Alikishika kwa mikono miwili.

"Leotele," alisema. "Ni mimi. Umeninunia?"

Daktari Hallam alinitazama, kwa kuwa hakuielewa lugha wala hakujua habari ya barafu na mwiko. Nikatikisa kichwa, asiulize. Mstari wa mikono ulilala. Nilikuwa nautazama huo tu, kwa hofu kwamba utapanda, na Fuatino vilevile, kwa hiyo aliyeuona ule mwingine kwanza ni daktari. Mstari wa njia ulikuwa unapanda. Kaka yangu alikuwa ametoka kanisani, anapita nyumba ya mchungaji, anapita kisima, anakwenda baharini.

"Hapana," alisema Daktari Hallam. "Sijui umemwuliza nini, mama, lakini anasema hapana."

Katika ndoa yao yote, hiyo ndiyo hapana ya kwanza kaka yangu aliyoitoa kwa kufanya kitu. Fuatino alikaa chini sakafuni palepale, na yale machozi aliyoyazuia wiki zote yakamtoka. Kisha akakirudisha kipaza sauti mdomoni.

"Sasa muda wote huu ulikuwa unafanya nini?" akamwuliza mumewe.

Kikao cha Ijumaa kilikuwa kifupi. Mzee wa ndevu ndiye aliyesimama kwanza, akazunguka meza kuja upande wetu, akampa Fuatino mkono, akasema kaka ataendelea na matibabu yote na mazoezi, na kwamba amefurahi kukosea. Lile boksi la karatasi safari hii lilitumika, na wao walilitumia kutuzidi. Daktari Hallam siku hizi, mgonjwa yeyote akiingia kwenye tundu lake, kwanza anawauliza ndugu zake anaitwaje anapoheshimiwa, na mikono yake inajua nini.

Kilichorudi kwanza ni nyusi. Ingekuwa nini kingine? Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anahangaika na kidole gumba, na Fuatino akaingia akauliza kama wamempa uji, nyusi zikapanda. Tangu hapo hazikupumzika. Siku moja nilimwuliza kuhusu ile tenisi, maana lilikuwa linanikera. Nikamwuliza kama hakuisikia ile sauti ya muuza magodoro. Hakufanya lolote, yaani aliisikia. Nikamwuliza kama alikataa. Hakufanya lolote. Nikafikiri, nikamwuliza kama aliwaza amekaa kivulini anawatazama wengine wakicheza.

Nyusi zilipanda mpaka zikakaribia kufika kwenye upara.

Mapema mwaka huu tulimleta kanisani kwenye kiti cha magurudumu, kizibao chake cheusi kimepigwa pasi, na Fuatino akamsukuma mpaka mbele, pale anaposimama siku zote. Mikono ilikuwa mapajani, imelala. Kwaya ikasimama. Kanisa lilikuwa limejaa hadi uani, watu wanalia, wanapigana picha, watoto wanapanda viti, na sisi wa alto, nasema kweli, tulikuwa na mengi ya kuambiana. Mchungaji akakohoa. Kaka alitutazama tu. Mchungaji akatazama saa, akakohoa tena, na kaka hakufanya lolote.

"Nyamazeni," Fuatino alisema. "Leotele anangoja."

Tukanyamaza sote, mpaka watoto wa mlangoni. Nyusi zikapanda, nasi tukaanza.